Lifti Iliyodhani Iko Hospitalini

Tak.

Hivyo tu. Hata siku nyingi zilipopita, Panda-Shuka aliweza kuusikia mlio ule akiwa anakunywa chai, akiwa anavaa soksi, akiwa katikati ya sala. Haukuwa mlio wa kitu kukatika wala kuanguka. Ulikuwa mlio mdogo, wenye adabu, kama mtu anayefunga kopo la dawa ya viatu na kwenda zake kulala. Siku ile alikuwa amesimama katika chumba cha mashine, juu ya paa la jengo la ghorofa nane, kipande cha mkate mkononi, na mbele yake kabati la chuma lililoendesha lifti ya jengo lile tangu yeye hajaota meno. Tak, kisha harufu ya kuungua, nyembamba kama uzi. Mota ikanyamaza. Kutoka ndani ya shimo la lifti ikapanda sauti ya msusi wa ghorofa ya pili.

"Panda-Shuka! Mimi niko wapi?"

"Uko kati ya ya tano na ya sita, dada!"

"Lakini mimi nakwenda ya pili!"

"Najua, dada. Lifti ndiyo haijui tena."

Alimshusha kwa kuzungusha gurudumu la mkono, taratibu, huku msusi akimpa habari za jengo zima kupitia shimoni. Kisha akarudi kwenye kabati, akachomoa bodi, akaitazama kwenye mwanga. Katikati yake ilikaa chipu nyeusi yenye miguu mingi, kama mende aliyejikunja, na mgongoni mwake palikuwa na ufa mwembamba usiozidi unywele. Hiyo ndiyo iliyokuwa akili ya lifti. Mengine yote, mota, kamba za chuma, breki, milango, yalikuwa mazima. Mwili ulikuwepo, tena wenye nguvu. Kilichoondoka ni kumbukumbu ya kwenda wapi.

Kwa kazi alikuwa fundi wa lifti, na jina la Panda-Shuka alipewa na watu waliochoka kumwita "wewe wa lifti." Alikuwa mwembamba, mabega yake yamezoea kupenya vijidirisha vya kukagulia mitambo, na akizungumza na mtu alikuwa na tabia ya kutazama juu kidogo ya kichwa chake, kana kwamba anasubiri namba ya ghorofa ibadilike. Hakuoa. Majirani walisema ameoa lifti. Mama yake alisema lau ingekuwa kweli, angalau angepata mkwe wa kumpeleka sokoni.

Mama huyo aliishi naye ghorofa ya nane. Ujana wake wote aliutumia mbele ya ubao wa simu, enzi zile mtu akitaka kuongea na ndugu yake wa mji mwingine ilibidi kwanza aongee na yeye. Mpaka uzeeni watu walimwita Bi Opereta, na mpaka uzeeni alipokea simu kwa sauti ya kazini, hata kama anayepiga ni mwanawe aliye chumba cha pili. Ulimi wake haukustaafu. Magoti ndiyo yaliyostaafu, tena bila kumuaga.

Ng'ambo ya barabara, katika nyumba ya chini, aliishi dada yake mkubwa. Panda-Shuka alimwita Mama Mkubwa, na jengo zima likamwita hivyohivyo. Kila alasiri Bi Opereta alishuka kwa lifti, dada yake akavuka barabara, wakakaa kwenye benchi la ukumbi wa chini na kuteta watu mpaka vivuli virefuke. Mama Mkubwa alikuwa na moyo usiotaka ngazi. Masikio yake nayo yalikuwa yamechoka: simu hakuisikia kabisa, lakini ukikaa mbele yake akatazama midomo yako, hakuna neno lililompita, hata lile ulilolimeza.

Lifti ilipokufa, mmoja akabaki juu, mwingine chini, na kati yao ngazi za jengo zima. Wakaanza kupungiana vitambaa dirishani. Kitambaa cheupe kilisema nimeamka salama. Cha samawati kilisema nimekula. Chekundu hawakuwahi kukubaliana maana yake, kwa hiyo kila mmoja alipokiona alishinda na wasiwasi mpaka kesho yake.

Ndipo habari ikaja kwamba mtoto wa kwanza wa Mama Mkubwa, aliyejenga mji wa mbali, angefika mwisho wa mwezi kumchukua mama yake akaishi naye moja kwa moja.

"Nitashuka nimuage dada yangu," Bi Opereta alisema.

"Tutakubeba, mama. Niite vijana wanne tu."

"Wambebe nani? Mzee wa ghorofa ya saba walimbeba kwenye kiti, si ndiyo? Wakafika ya nne, wakasikia mpira kwenye televisheni ya mtu, wakamtua ngazini wakaingia kutazama. Waliporudi kumchukua, mzee mwenyewe alishaingia ndani anashangilia. Mimi sibebwi. Mimi si sofa. Dada yangu ataniona nimesimama, mlango ukifunguka, kama alivyoniona siku zote."

"Lifti haina akili, mama."

"Basi itafutie."

Panda-Shuka alikwenda kwa wakala. Ofisi ilikuwa na zulia jipya, ua la plastiki, na dada wa mauzo mwenye tabasamu lililopigwa pasi.

"Chipu hiyo haiuzwi," alisema dada yule. "Ni siri ya kampuni."

"Basi niuzie siri."

"Siri haiuzwi rejareja."

"Na jumla?"

Dada wa mauzo aliingia ndani kuuliza, akatoka. "Jumla inaanzia lifti kumi."

"Lifti ninayo tayari. Ninachotaka ni kilichomo ndani yake."

"Tunakuelewa kabisa, ndiyo maana chipu tunaitoa bure. Ukinunua lifti."

"Nikishanunua lifti mpya, chipu ya lifti ya zamani nitaifanyia nini?"

"Hapo sasa!" alisema kwa furaha ya kweli. "Unaona mwenyewe kwamba huihitaji."

Bi Opereta akaamua kuwapigia waliotengeneza lifti, huko huko kwao, maana aliamini hakuna mlango usiofunguka kwa simu. Alipita watu wengi, wa sauti nyingi, na muziki mwingi wa kusubirishwa, mpaka akagundua kwamba kampuni ile ilishanunuliwa na watengeneza majokofu. Mtu wa mwisho alimuuliza kama kifaa chake kinagandisha.

"Kimeganda," alisema Bi Opereta. "Hakisogei hata kidogo."

"Basi kinafanya kazi vizuri, mama," akajibu yule mtu, akakata simu.

Iliyobaki ilikuwa njia ya maiti, kama mafundi wanavyosema: kutafuta mashine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, uichukulie kiungo. Nje ya mji palikuwa na uwanja wa vyuma chakavu, na mwenye uwanja, Mzee Kutu, ndiye aliyebomoa hospitali ya zamani na kuileta yote pale, vipande vipande, mpaka vibao vya "Usiteme Mate." Nyuma ya rundo la vitanda Panda-Shuka akaona kabati la chuma. Akalifungua. Aina ileile, mwaka uleule, na ndani yake chipu nzima, mgongo laini kama siku ilipozaliwa.

"Naitaka hii," alisema, akijitahidi kuonekana kama mtu asiyeitaka.

"Haitoki peke yake," alisema Mzee Kutu.

"Kwani inatoka na nani?"

"Inatoka na kile." Akaonyesha kwa kidevu kiti cha daktari wa meno, kikubwa, cha kijani, chenye taa ya shingo ndefu. "Kina mwaka kinanitazama. Nikila kinanitazama. Ukichukua akili, chukua na kiti."

Hivyo ndivyo kiti cha daktari wa meno kilivyofika kwenye ukumbi wa chini, kando ya benchi, na kabla hakijakauka maji ya kuoshewa, mlinzi wa jengo alishakilalia na kukisifu.

Panda-Shuka alipachika chipu kwenye bodi, akafunga kabati, akawasha. Mota ikavuta pumzi. Watu walikusanyika ukumbini kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mlango ukafunguka, taa ikawaka, na sauti ya mwanamke, tamu na ya mbali, ikasema:

"Ghorofa ya chini. Mapokezi na malipo."

Watu wakapiga makofi. Makofi yakapungua lifti ilipopanda. "Ghorofa ya kwanza. Meno. Ghorofa ya pili. Macho, masikio, pua na koo," ilisema, na hapo msusi, ambaye hakuna siri ya jengo iliyompita, akatazama chini. "Ghorofa ya tatu. Wodi ya wazazi. Wageni wawili tu kwa kila mama." Ghorofa ya tatu aliishi kinyozi, kapera. "Ghorofa ya nne. Chumba cha upasuaji. Nyamaza tafadhali." Ghorofa ya nne ilikuwa ya muuza nyama, na alinyamaza.

Panda-Shuka akabonyeza ya nane.

"Ghorofa hiyo haipo," ilisema sauti. "Hapa ndipo mwisho wa jengo."

Hospitali ile ilikuwa na ghorofa nne tu juu ya ardhi. Chipu ilijua hizo, na haikuwa tayari kusikia za mtu mwingine. Ilijua pia chumba cha chini kabisa, kwenye matangi na pampu, ambako mlango ulipofunguka ilitangaza, kwa huruma: "Mochwari. Poleni sana."

Bi Opereta alipoambiwa, aliuliza, "Yaani mimi sipo?"

"Upo, mama. Kwa lifti ndiyo hupo."

"Na aliyekuwa anatamka ni nani? Anakula irabu huyo. Kwetu asingemaliza wiki."

Kilichomshangaza Panda-Shuka ni jinsi majirani walivyozoea. Ndani ya siku chache watu wakawa wanashuka ghorofa ya nne kwa kunyata. Muuza nyama alianza kunawa mikono kila akitoka nje. Kinyozi alipongezwa mara nyingi mno ngazini, kwanza akakasirika, kisha akachoka, mwishowe mtu akamletea blanketi dogo la mtoto na akalipokea. Wa ghorofa ya tano mpaka ya nane, ambao lifti ilisema hawapo, walianza kuombana radhi kwenye ngazi kana kwamba wamezidi idadi. Na mwezi ulikuwa unakwisha.

Panda-Shuka akaenda kumwona binti wa Mama Mkubwa. Kwa ukoo alikuwa dada yake, na mtaa ulimwita Dada Gemu, kwa sababu aliishi katika chumba kimoja kilichojaa michezo ya video ya zamani, kiasi kwamba mwenyewe alilala kwa ubavu. Ndiyo maana hakuweza kukaa na mama yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza emuleta: kitu kinachojifanya kuwa kitu kingine, kwa ustadi mpaka mchezo wenyewe usijue kwamba mashine yake ilishazikwa.

"Ifungue usome kilichomo, tuongeze ghorofa nne," Panda-Shuka alisema.

Dada Gemu aliigeuza chipu chini ya taa. "Imefungwa, kaka. Waliifunga wenyewe kiwandani. Ukilazimisha kuisoma, inajifuta, inakutazama kama haijawahi kukuona."

"Sasa?"

"Sasa tutaihoji. Inachofikiri hatutakijua, lakini inachojibu tutakijua. Ukibonyeza hiki inasema nini, ukibonyeza viwili kwa pamoja inasema nini. Maswali yakiisha, naifundisha bodi yangu kujibu vilevile. Halafu naiongezea ghorofa. Itakuwa chipu ileile, ila imesafiri."

Mahojiano yalifanyika sebuleni kwa Bi Opereta, juu ya meza ya kulia. Dada Gemu alipanga taa ndogo kwa kila ghorofa na kitufe mbele ya kila taa, chipu katikati, kompyuta pembeni. Bi Opereta alikuja kuangalia tu. Akavuta kiti kuangalia vizuri. Akavaa miwani. Tangu astaafu hakuwahi kukaa tena mbele ya ubao wenye taa, na taa ya kwanza ilipowaka mkono wake ulikwenda wenyewe.

"Acha mama mdogo abonyeze," alisema Dada Gemu. "Ana mkono mzuri."

Kwa ghorofa za hospitali kazi ilikwenda kama maji. Bi Opereta aliuliza, chipu ikajibu, Dada Gemu akaandika kwenye kompyuta. Tatizo lilikuwa zile nne za juu. Kila walipouliza habari zake, chipu ilinyamaza kama mtu aliyetukanwa.

"Hapa itabidi tutunge wenyewe," alisema Dada Gemu, akipiga miayo. "Mama mdogo, ya tano ikiita, na ya pili inaita, nani kwanza?"

"Aliyeanza kupiga, tena mpaka amalize safari yake."

"Na kama lifti inapita hapohapo mlangoni kwa yule mwingine?"

"Mwanangu, waya ukipita juu ya paa lako haina maana kwamba simu ni yako."

"Na mtu akibonyeza mara ya pili?"

"Huyo amekata akapiga upya. Aende mwisho wa foleni."

Dada Gemu aliandika. Tena, ili lifti isiwe na sheria mbili kama nyumba ya wake wenza, akaitumia sheria hiyo kwa jengo zima, kutoka mochwari mpaka ya nane. Panda-Shuka alikuwa amepiga magoti chini ya meza akichomelea waya, na maneno yale yote yalipita juu ya kichwa chake yakasikika ya haki kabisa. Lifti huokota watu njiani, kama mtu anayetembea na kikapu. Jambo hilo alilijua tangu utoto, na kwa kuwa alilijua mno, hakukumbuka kulisema.

Mwishoni Bi Opereta akarekodi sauti ya ghorofa zilizokosa sauti. Alisafisha koo, akakaa wima. "Ghorofa ya nane," alisema mbele ya kipaza sauti. "Subiri kidogo, nakuunganisha."

Emuleta ilikuwa bodi ndogo kuliko kiganja. Ilikaa kwenye kabati mahali pa chipu, na lifti haikushtuka hata kidogo. Breki na vizuizi vya usalama vilijitegemea, Panda-Shuka alivikagua kimoja kimoja, akapanda mpaka ya nane, akashuka, akacheka peke yake ndani. Alikuwa peke yake, ndiyo maana hakuona kitu.

Asubuhi iliyofuata watu walipoamka na kutaka kwenda kazini, waliona. Lifti ilitoka ya sita ikaenda ya kwanza, ikapanda ya saba, ikashuka ya pili, ikiwapita watu milangoni bila kuwatazama, kwa sababu zamu yao haijafika. Waliopanda ya tano wakienda chini walipelekwa kwanza juu kumsubiri mtu aliyeita kabla yao. Kinyozi, mwenye haraka, alipiga kitufe kwa ngumi, na kila ngumi ikamrudisha mwisho, mpaka akashuka kwa ngazi akiwa na blanketi begani.

"Panda-Shuka, hii lifti inatembea kama kuku asiye na kichwa!" alipiga kelele muuza nyama.

"Hapana," alisema mzee wa ghorofa ya saba, aliyefurahi kuliko wote. "Hii ndiyo lifti ya kwanza yenye haki. Zamani nyie wa katikati mlikuwa mnadandia safari zetu."

Jengo likagawanyika pande mbili. Dada Gemu alisema inarekebishika, ila lazima bodi itoke, na kuifundisha upya kutachukua siku zake. Siku zenyewe hazikuwepo. Kesho yake mtoto wa Mama Mkubwa alikuwa anafika.

"Iache," alisema Bi Opereta. "Foleni siiogopi."

Gari lilifika mapema mchana. Bi Opereta alivaa viatu vyake vya kazini, vyeusi, vilivyokuwa vimekaa ndani ya boksi miaka yote ile, akamshika mwanawe mkono, wakatoka mlangoni polepole. Lifti ilipofika kumshusha jirani na kufunguka, ilimkaribisha kwa sauti yake mwenyewe. Alibonyeza kitufe cha chini mara moja tu, kwa ncha ya kidole, akasimama katikati, uso mlangoni.

Kwenye ubao taa nyingine zilishawaka kabla ya yake. Wakaenda ya nne, muuza nyama akaingia, akanyamaza. Wakaenda ya kwanza, akashuka kwenye Meno. Kisha lifti ikaendelea kushuka, na Bi Opereta akanyoosha gauni lake. Mlango wa lifti ulikuwa na kioo kidogo. Kwenye kioo hicho ukumbi wa chini ulitokea: Mama Mkubwa amekaa kwenye kile kiti cha kijani, mkoba magotini, mwanawe amesimama pembeni na sanduku. Mama Mkubwa aliinua uso. Wakaonana, kwa muda wa kope moja. Lifti ikampita.

"Mochwari," ilisema. "Poleni sana."

Mlango ukafunguka. Mlinzi aliingia na ndoo. "Shikamoo, Bi Opereta."

"Marahaba. Nimeomba mapokezi, naletwa mochwari. Na pumzi bado ninayo."

"Samahani mama, mimi niliita zamani. Napeleka ndoo ya nane, bomba linavuja."

Panda-Shuka alitia mkono mfukoni. Ufunguo wa fundi ulikuwa mle. Ukiuingiza kwenye tundu chini ya vitufe na kuuzungusha, lifti inaacha kila kitu na kukutii wewe.

"Usithubutu," alisema mama yake, bila kumtazama.

"Mama, gari linasubiri."

"Mlinzi naye amesubiri. Nilisema aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Sikusema isipokuwa mimi." Akamshika mkono usitoke mfukoni. "Nimewaunganisha watu maisha yangu yote. Waliokuwa wanafiwa, waliokuwa wanapata watoto. Sikumrusha mtu foleni hata siku moja, hata baba yako alipokuwa anaumwa na mimi niko zamu. Usiniharibie leo."

Wakapanda. Kioo kikauonyesha ukumbi tena, na safari hii Mama Mkubwa alikuwa amesimama, kiganja kimewekwa kwenye mlango. Wakaenda mpaka ya nane. Mlinzi akashuka na ndoo yake. Bi Opereta akautazama mlango wa nyumba yake mwenyewe, mahali alipoanzia.

"Nyumbani," alisema. "Tumefika haraka."

Ndipo taa yake ikafikiwa. Lifti ikashuka moja kwa moja, ikatulia, na ile sauti tamu ikasema mapokezi na malipo. Mlango ukafunguka. Bi Opereta alikuwa amesimama, kama alivyotaka, na akainua mguu kutoka. Lakini Mama Mkubwa hakungoja. Mwanawe alikuwa ameinama kwenye sanduku, akimwita, "Mama, subiri kwanza," naye hakumsikia, au alisikia. Aliingia ndani kwa hatua zake fupi, akamshika mdogo wake viwiko vyote viwili. Mlango ukajifunga nyuma yake, na lifti ikaondoka kumfuata msusi aliyekuwa ameita kutoka ya pili.

Walitazamana. Kisha Mama Mkubwa akasema, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia, "Kile kitambaa chekundu juzi! Ulikuwa na nini? Sikulala!"

"Nilikuwa nafua," alisema Bi Opereta.

Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wakaegemeana, na kicheko cha mmoja kikageuka kitu kingine, wakaendelea kushikana hivyohivyo. Msusi alipofunguliwa mlango aliwatazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema hana haraka, atashuka kwa ngazi.

Simu ya Panda-Shuka ikaita.

"Bwana mdogo," alisema mtoto wa Mama Mkubwa, "mama yangu unaye?"

"Ninaye, kaka."

"Mko wapi?"

"Macho, masikio, pua na koo."

"Anaumwa?"

"Hapana, kaka, ndiyo jina la ghorofa."

"Mshushe basi! Safari ni ndefu, gari linawaka. Mimi hapa nabonyeza hiki kitufe, nabonyeza, haiji!"

Kupitia shimo la lifti Panda-Shuka aliisikia ngumi yake kwenye kitufe cha chini, tena na tena. Taa ya chini kwenye ubao iliwaka peke yake. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni. Aliwatazama wale wawili. Bi Opereta alikuwa anasema kitu kirefu kuhusu mtu fulani wa zamani, taratibu, kila irabu mahali pake, na dada yake ameikazia macho midomo yake kama mtoto anayefundishwa kusoma. Panda-Shuka akaegemeza mgongo kwenye ubao. Nyuma yake kidole kikaitafuta ya saba, kikaibonyeza. Kikaitafuta ya tatu, kikaibonyeza. Kisha ya sita. Chini, ngumi ikapigwa tena, na taa ya chini ikaenda kusubiri nyuma ya hizo zote.

"Ghorofa ya saba," ilisema sauti ya mama yake kutoka darini. "Subiri kidogo, nakuunganisha."

"Bwana mdogo, unanisikia?" simu iliuliza. "Nifanyeje sasa?"

Panda-Shuka aligeukia ukuta, ili Mama Mkubwa asiione midomo yake.

"Endelea kubonyeza tu, kaka," alisema kwa sauti ya chini kabisa.